Visu vya Mzee Hamdani

Mzee Hamdani alizikwa mimi nikiwa Mpanda, nimebeba mjukuu mwenye surua, na habari zikanifikia wakati hata matanga yamekwisha kuanuliwa. Kwa hiyo nikaja kwenye arobaini yake. Nilishuka Sumbawanga asubuhi na ile baridi inayoingia mpaka kwenye meno, kiroba cha maharage begani, nikaenda moja kwa moja Chanji kwenye nyumba ninayoijua kuliko nyumba ya baba yangu. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Wanawake walikuwa wanamenya vitunguu, moto umekwisha kuwashwa, na katikati yao, kwenye kigoda, amekaa Rukia. Sikuwa nimemwona kwa miaka thelathini na tisa. Amenenepa, mvi zimechungulia chini ya mtandio, ila kicheko ni kilekile, na wanawake wamemzunguka vilevile kama walivyokuwa wakimzunguka zamani. Nitasema ukweli kwa sababu nimefika umri wa kuusema. Kabla sijamsalimia, kabla hata sijampa pole ya mjomba wake, roho iliniuma. Nikajisemea, Leonsia, mwanamke mzima una wajukuu watano, bado tu? Bado.

Mwaka tulipokutana nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nafanya kazi dukani kwa Mzee Hamdani. Lilikuwa duka la misumari, bawaba, kamba, vioo vya chemli na vipuri vya malori, na yeye mwenyewe alikuwa na malori mawili ya kwenda Tunduma. Niliajiriwa kufagia na kupanga. Lakini nyuma ya duka, ukipita kwenye mapipa ya rangi, kulikuwa na chumba kidogo chenye dirisha moja, meza ya mninga na sanduku la mbao lenye kufuli, na ndani ya sanduku hilo kulikuwa na visu thelathini na nane vya kukunja, vyote vimetengenezwa Marekani. Hakuna mtu mwingine mjini aliyekusanya kitu cha namna hiyo. Watu walisema mzee amepungukiwa, mwenye malori mawili anafunga safari kutafuta visu vikuukuu. Alianza ujanani, alipokuwa dereva kwenye kambi ya Wamarekani waliokuja kujenga barabara kuu ya Tunduma. Fundi mmoja alimwachia kisu alichorithi kwa baba yake, mpini wa mfupa uliochongwa mistari kama ganda la mti, na toka siku hiyo Mzee akawa mgonjwa wa visu. Wapishi, madobi na vibarua wa kambi ile nao waliondoka na visu vyao, vingine wamepewa na vingine sijui, wakarudi navyo vijijini, na huko ndiko Mzee alikokwenda kuvifuata.

Macho yake yalikuwa yameanza kuingia mtoto wa jicho, kwa hiyo visu alivisikiliza. Alikuwa akishika kisu karibu na sikio, anafungua bapa polepole, tak, anafunga, tak, na kwa sauti hizo mbili anakwambia kama springi ni ya asili au imebadilishwa. Kisha anapitisha ukucha penye shina la bapa kutafuta maandishi ya kiwanda na zile herufi tatu za nchi. Mimi nilikuwa macho yake. Namsomea maandishi, napaka mafuta ya cherehani kwenye maungio kwa unyoya wa kuku, nafuta kwa kipande cha fulana kuukuu, narudisha kila kisu kwenye nafasi yake bila kugusa bapa kwa vidole, maana jasho la vidole huleta kutu. Saa nne Bi Zuhura, mkewe, alituletea chai ya maziwa yenye tangawizi na chapati mbili, moja ya Mzee na moja yangu, na tulikula kimya huku mkono wake mmoja unapapasa mpini wa kisu. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile ya saa nne. Nilikuwa msichana wa kufagia, lakini ndani ya chumba kile nilikuwa mtu.

Na pua yangu ilikuwa na heshima yake. Vipo visu vya zamani ambavyo mipini yake si mfupa wala pembe, ni aina ya plastiki ya kale, inang'aa kama asali, inapendeza kupita yote. Mzee alinifundisha kwamba mipini hiyo ikizeeka huanza kutoa hewa mbaya, na hewa hiyo ikifungiwa hula chuma cha majirani zake. Alikuwa ameshapoteza visu vitatu kwa kutojua. Kwa hiyo kisu cha mpini wa asali hakilazwi na wenzake kamwe, hukaa peke yake penye hewa. Dalili ya kwanza ni harufu, kitu kama kafuri iliyomwagiwa siki, nyembamba sana, na yeye hakuweza kuisikia kwa sababu ya ugoro. Mimi niliisikia toka mlangoni. Siku ya kwanza nilipoisikia aliita hadi dereva wake aje aone. Alisema, "Huyu binti ana pua ya thamani kuliko lori." Maneno hayo niliyabeba kama sakramenti.

Mwezi wa tano akaja Rukia. Alikuwa mtoto wa dada yake Mzee, ametoka Tabora, amemaliza kidato cha nne na anasubiri nafasi ya chuo cha ualimu. Tulikuwa rika moja, na kila kitu nilichokuwa nacho kwa taabu yeye alikuwa nacho bila kujua. Alikuwa mrefu, alisoma Kiingereza cha kwenye visu bila kutaja herufi mojamoja kama mimi, na alimwita Mzee "mjomba" kwa sauti ambayo mtu hawezi kujifunza ukubwani. Wiki ya pili chai ya saa nne ikaja na chapati tatu. Ya tatu ilikuwa ndogo, na sahani ilipozunguka ikaniangukia mimi. Najua ni upuuzi. Bi Zuhura hakukusudia, unga ulikuwa umepungua. Lakini ile chapati ninaikumbuka hadi leo upande uliokuwa umeungua.

Mwezi wa saba ulikuwa mwezi wa kwenda kutafuta, kwa sababu ndio wakati wa kuvuna ulezi. Ufipa ulezi haukatwi kwa panga. Wanawake huingia shambani na visu vidogo, wanakata vichwa kimoja kimoja, na msimu huo kila kisu kilichofichwa ndani ya nyumba, kwenye nyasi za paa au chini ya godoro, hutoka nje kufanya kazi. Mzee alikuwa ameligundua hilo mwenyewe na alijivunia. Mwaka uliotangulia tulikwenda wawili na dereva. Mimi nilishuka, nikawasalimia akina mama kwa Kifipa, nikazunguka mistari ya shamba nikitazama mikono yao, na nikiona kisu chenyewe naomba nikishike. Mwenye kisu hapewi hela, anapewa kisu kipya kikali cha kuvunia na doti ya kanga, na hakuna aliyesema amepunjwa. Nilipata viwili. Kifipa changu kilikuwa ndicho ufunguo wa kazi ile, nami nikaamini kwamba safari ya mara hii ndiyo itakayomfundisha Rukia nafasi yake.

Tulikwenda upande wa Matai, vijiji vya juu ambako upepo haupumziki. Nikaanza na mistari yangu. Rukia hakujua neno la Kifipa, kwa hiyo hakutafuta chochote. Alivua viatu, akamwomba bibi mmoja kwa ishara amfundishe kukata, akawa anakata vibaya, bibi anamcheka, na yeye anajicheka zaidi. Mchana alikaa nao chini akala ugali wa ulezi na maharage kwa mkono mmoja huku mtoto wa mtu amelala mapajani mwake. Mimi nilikuwa bado nazunguka na njaa yangu na adabu yangu. Tulipoanza kuagana, yule bibi akamwita, akaweka kisu chini kwenye ungo ili akiokote mwenyewe, maana kwetu kisu hakipokelewi mkono kwa mkono, akamwambia kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika kwamba marehemu mumewe alikuwa mpishi wa Wazungu wa barabara. Mpini wa asali. Mabapa matatu, ngao ndogo ya fedha ubavuni, maandishi yote yanasomeka. Mzee alikisikiliza njiani kote, tak, tak, tak, na uso wake nilikuwa sijauona hivyo kwa kisu changu chochote. Nilikaa nyuma juu ya magunia nikitazama visogo vyao.

Kile chumba cha visu kilipakana na sebule, na ukuta haukufika juu, hivyo mtu akizungumza sebuleni ulimsikia kama yuko mezani kwako. Mwezi wa kumi na moja, mvua zimekwisha kuanza, nikawasikia Mzee na mkewe wakipanga safari ya Dar es Salaam kupasuliwa macho. Angekaa huko kwa mtoto wao mpaka mvua ziishe. Bi Zuhura akauliza ufunguo wa sanduku utabaki na nani. Nikaacha kufuta. Mzee akasema Leonsia anavijua. Bi Zuhura akasema, kwa upole kabisa na bila ubaya wowote, "Leonsia ni mtoto wa watu, kesho ataolewa. Mpe Rukia, ni damu yako." Nilisikia kijiko kikikoroga kikombe. Kisha Mzee akasema, haya, na tena Rukia ana bahati ya mkono. Hakubishana. Hilo ndilo lililoniua, kwamba hakubishana hata kidogo.

Kesho yake alimkabidhi Rukia ufunguo mbele yangu, akaniambia, "Leonsia, mfundishe mwenzako yote niliyokufundisha." Nikaitikia. Nilimfundisha siku mbili kama mwalimu wa kulipwa. Unyoya wa kuku, mafuta tone moja, kitambaa kikavu, usiguse bapa kwa vidole, usifunge kisu kwa pupa, fungua sanduku mara moja kila mwezi. Yote. Kasoro moja. Kisu cha asali kilikuwa kinakaa kwenye kisahani dirishani, na Rukia alidhani kinakaa pale kwa sababu Mzee anapenda kukishika kila asubuhi. Mzee alipoondoka, siku ya tatu hivi, Rukia akaniuliza akiwa amekiinua. Alikuwa anaogopa wezi, dirisha halikuwa na nondo.

"Hiki nakiacha hapa au nakiweka na wenzake?"

Nilikuwa nimeinama nafagia. Nakumbuka fagio, nakumbuka vumbi la kutu ya misumari. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa wa kujibu vingine.

"Ufunguo unao wewe," nikasema.

Akakiweka katikati ya sanduku, mahali pa heshima, akafunga. Nami nikaendelea kufagia. Nataka nieleweke vizuri, si kwa kujitetea. Sikutaka kuua visu vyote. Nilitaka viwili vitatu vipate madoa, Mzee arudi, asikitike kidogo, aseme kumbe kazi hii ina wenyewe. Nilikuwa nimepanga hadi sura nitakayokuwa nayo siku hiyo, sura ya mtu anayesikitika pamoja naye. Lakini mvua ya mwaka ule ilinyesha hadi kuta zikatoa ukungu. Rukia alichoka mapema. Mwezi wa kwanza alifungua sanduku, akapaka mafuta harakaharaka, hakuona kitu. Mwezi wa pili akasahau, alikuwa amepata barua ya chuo na kila jioni alikuwa anaimba. Mimi kila asubuhi niliingia kupanga chumba, na kila asubuhi harufu ilikuwa imekua. Ilitoka kwenye mfuniko, ikakaa kwenye meza, ikaingia kwenye kitambaa cha kichwa changu. Nililala nayo Milanzi katika chumba nilichopanga. Kanisani Jumapili niliisikia juu ya ubani. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Mara ya kwanza alikuwa anachekeshwa na dereva, nikafunga. Mara ya pili alikuwa amevaa sweta jipya alilotumiwa na Mzee kutoka Dar, jekundu, na mimi nilitumiwa salamu.

Mzee alirudi mwezi wa nne. Alishuka kwenye lori akiwa anaona. Alisimama barazani akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayekagua mahindi, akamwambia Bi Zuhura amezeeka, tukacheka wote. Akaniambia, "Kumbe una kovu kidevuni." Hakutaka chai wala maji ya kuoga. Alitaka visu vyake. Miaka sita alikuwa ameviona kwa ukungu, vingine hakuwahi kuviona vizuri hata siku moja, alivijua kwa ukucha na kwa sikio tu, na sasa alikuwa amekwenda hadi Dar kuchanwa macho, na naamini hadi leo ilikuwa kwa sababu hiyo zaidi ya kuona barabara au duka. Rukia akafungua kufuli. Mzee mwenyewe akainua mfuniko.

Mpini wa asali ulikuwa umepasukapasuka na kunyauka, na kutoka pale kutu ilikuwa imetambaa pande zote. Mabapa yalikuwa kahawia, mengine yameliwa hadi kuwa na vishimo. Shaba ya ndani ilikuwa imetoa utandu wa kijani. Alichukua kile cha fundi wa barabara, cha mfupa, cha kwanza kabisa, akajaribu kukifungua akikiweka sikioni. Hakikufunguka. Akachukua kingine, na kingine. Rukia akaanza kulia. Alisema, "Mimi ndiye niliyekiweka humo, mjomba, niliogopa wezi, sikujua." Hakusema kwamba aliniuliza. Alikuwa na nafasi ya kusema, mimi nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na hakusema. Hata uungwana ule niliuonea wivu, wakati uleule, mbele ya maafa niliyoyafanya mwenyewe.

Mzee akamgusa kichwa, akamwambia asilie, hakujua. Kisha akanigeukia na yale macho mapya.

"Na wewe, Leonsia. Hukusikia harufu?"

"Sikusikia, mzee."

Aliniangalia muda mrefu. Sijui mtu hupelekwa wapi akifa, lakini kama kuna hukumu, nadhani yangu ilikwisha kusomwa pale. Hakuniuliza tena wala hakupandisha sauti. Alichukua ufunguo kutoka mkononi kwa Rukia, akauweka juu ya meza upande wangu, akasema, "Utakaa na wewe." Akatoka kwenda kunywa chai. Nilikuwa nimeupata. Nilikaa dukani kwake miaka minne zaidi, hadi nilipoolewa, na ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga yangu, na hakuniomba hata siku moja nifungue lile sanduku. Hakwenda tena kwenye mashamba ya ulezi. Saa nne nilikunywa chai kaunta, nikiuza misumari. Mtu akija kumwambia ameona kisu cha Wazungu mahali fulani, alimsikiliza kwa adabu na kumuuliza habari za watoto. Rukia alikwenda chuoni mwezi wa saba akiwa amevaa lile sweta, na Mzee alimsindikiza hadi stendi akimbebea sanduku lake la bati. Mimi niliwatazama nikiwa mlangoni mwa duka, mwenye ufunguo.

Siku hii ya arobaini nikavuta kigoda nikakaa karibu na Rukia. Tulipeana pole, tukaulizana watoto, amestaafu ualimu na ana nyumba yake Tabora. Nikachukua kisu, nikaanza kukata vitunguu kwenye beseni lake, na kwa kuwa machozi yalikuwa na kisingizio, nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa sauti ndogo, bila kuruka kitu. Kwamba niliambiwa nimfundishe na nikaacha moja. Kwamba aliniuliza na nikamjibu vile. Kwamba niliisikia harufu miezi minne. Alisikiliza huku mikono yake inaendelea na kazi. Nilimaliza, nikangoja.

"Nilikuuliza?" akasema. "Sikumbuki kabisa."

Akajaribu kweli kukumbuka, nilimwona. Akasema anakumbuka kulia, anakumbuka mjomba akimgusa kichwa. Akasema, "Maskini mjomba." Halafu akatikisa kichwa na kutabasamu, kwa huruma ambayo sikuwa nimeiomba.

"Leonsia, mimi nilikuwa nakichukia kile chumba. Mafuta yale yalikuwa yananitia kichefuchefu. Nilikuwa nahesabu siku nikasome. Ungeniomba ule ufunguo ningekupa siku ileile."

Mtu akamwita kutoka jikoni aje aonje chumvi ya pilau. Akafuta mikono, akanishika bega kuinukia, akaenda, na kabla hajafika kwenye sufuria walikuwa wanacheka tayari. Nilibaki na beseni la vitunguu, nikimtazama mgongo wake, nikimwonea wivu mtu ambaye kwa miaka thelathini na tisa amekuwa akilala usingizi wake wote.